Mtu wa Ziwani Akienda Kuona Kasa

Nimekulia Igombe, hapa Mwanza kando ya Ziwa Victoria, na mtu wa mwaloni akishuka pwani huenda na kiburi chake: maji ni maji, mtanionyesha nini? Hivyo ndivyo nilivyoingia kituo kimoja cha kasa miaka michache iliyopita. Nikalipa, nikapewa mwani wa kulisha, nikashuka bwawani na umati wa wageni. Jamaa akaninyanyulia kasa mdogo nipige naye picha. Mapezi yake yalikuwa yakipiga hewa, nami nacheka. Nilipomrudisha majini, nikaona utando wa mafuta unaelea pale mikono yangu ilipopita. Losheni niliyojipaka asubuhi. Picha ninayo hadi leo, ila sijawahi kumwonyesha mtu.

Kwa hiyo wewe unayepanga likizo ya Desemba, kabla ya kutoa kiingilio uliza: hawa kasa wanarudi lini baharini? Wanaohifadhi kweli watakujibu papo hapo: huyu alinaswa wavuni, yule amemeza plastiki, akipona anaachiwa. (Kasa anavuta hewa kama sisi; akikwama chini na nyavu, anakufa maji.) Ukiambiwa wapo tu, ingia uogelee nao, rudisha pochi mfukoni.

Safari ya pili nilikwenda Mafia, ambako kasa hutaga ufukweni wenyewe. Hakuna bwawa. Mnakaa mchangani, mnasubiri. Mara mchanga unatikisika, wanachomoza kasa wachanga, kila mmoja hazidi biskuti. Mmoja alitumbukia kwenye alama ya mguu wa mgeni, akahangaika humo kama mtu aliyeangukia korongoni. Mkono uliniwasha kumsaidia, mwongozaji akanikataza: mwache atembee mwenyewe. Basi usipite kati ya kiota na bahari. Unyayo wako kwao ni shimo.

Na simu izime. Hili mtu wa Mwanza hahitaji darasa. Usiku usio na mwezi, simama hapa Igombe utazame ziwani: taa za wavuvi wa dagaa zimetanda kama mji, na dagaa wanaifuata taa mpaka wavuni. Kasa wachanga nao hufuata mwanga. Usiku, upande wa bahari huwa na weupe kuliko nchi kavu, ndiyo dira yao. Wakiona taa ya hoteli au tochi yako, wanageuza, wanaishia vichakani, na jua linawakuta huko.

Bangili za gamba la ng'amba, aina ya kasa, usinunue hata ukibembelezwa vipi. Losheni iache chumbani.

Nauli ya pwani ikikushinda mwaka huu, anza na kisiwa cha Saanane, dakika chache tu kwa boti kutoka Capri Point, hapa Mwanza. Kasa hakuna, ila pimbi wapo juu ya mawe. Jizoeze kwao kukaa na mikono mfukoni.