Maswali na majibu: Ukisoma jiografia, utafanya kazi gani?

Shikamoo dada. Nimemaliza kidato cha sita, HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza). Nataka kusoma jiografia chuo kikuu lakini baba anasema nitaishia ualimu tu. – Msomaji, Iringa

Marahaba. Hiyo "tu" ya baba siipendi, maana mimi nimefika hapa kwa mkono wa mwalimu wa jiografia. Ila hofu yake naielewa. Mwambie hivi: sensa ya 2022 ilipotuhesabu tukawa 61,741,120, kabla karani hajabisha hodi nchi nzima ilikuwa imeshagawanywa kwenye ramani, eneo kwa eneo, asirukwe mtu wala asihesabiwe mara mbili. Hiyo ni kazi ya jiografia. Wenzetu waliosoma jiografia wapo pia kwenye mazingira, mabonde ya maji, maafa na mipango ya matumizi ya ardhi, lakini vyeo vyao mara nyingi havitaji neno jiografia, ndiyo maana baba hawaoni.

Hesabu nilipata F kidato cha nne. GIS, yaani kuchora na kuchambua ramani kwa kompyuta, nitaiweza?

Utaiweza. Takwimu hutazikwepa, lakini kukokotoa anakokotoa kompyuta. Wewe ujue unachokiuliza. Mwaka wa pili chuoni tulipelekwa fildi Jangwani, bonde la Msimbazi jijini Dar es Salaam, kuchora mafuriko yanafika wapi. Kwenye picha ya setilaiti ya Sentinel-2, nukta moja ni mita 10 kwa 10, yaani nyumba na choo chake vinamezwa humo. Ikabidi tupite mlango kwa mlango na tepu. Bibi mmoja hakututajia mita yoyote. Aliweka kiganja ukutani, juu kidogo ya kitasa: "Yalifika hapa." Tukapima, sentimita 112, tukaandika. Mwenzetu mwenye A ya hesabu alifukuzwa nyumba ya jirani kwa kufungua tepu kabla ya kusalimia.

Jiografia ya Mlimani (Chuo Kikuu cha Dar es Salaam) na jiomatiki ya Chuo Kikuu Ardhi si kitu kilekile?

Hapana. Jiomatiki ni upimaji wa ardhi, na hesabu huko hazina msamaha. Ukitaka siku moja usimike bikoni (alama ya mpaka wa kiwanja) na saini yako itambulike kisheria, nenda Ardhi. Shahada ya jiografia haikufanyi mpimaji. Kama kinachokukosesha usingizi ni kwa nini watu wanajenga bondeni na mvua wanaijua, njoo kwetu.

Sina hela ya kununua programu. Nianzeje?

QGIS, programu ya GIS, ni bure. Picha za setilaiti za Landsat nazo ni bure tangu 2008. Kitakachokutoboa mfuko ni bando, kwa hiyo shusha usiku. Anza na kwenu: chora njia, kisima, zahanati. Angalia tu kanda ya UTM, mfumo wa ramani unaoigawa dunia kwa kanda zenye namba: Iringa ni 36 Kusini, Dar es Salaam ni 37. Ukizichanganya, kisima cha kwenu utakikuta mamia ya kilomita kutoka kilipo.