Aliyeambiwa ni mmoja, waliosikia ni benchi zima

Mhariri, swali lenu la wiki hii lilikuwa: "Je, umewahi kuambiwa una maambukizi bila kuelezwa ni maambukizi gani? Ulifanyaje?" Mimi binafsi huwa nauliza. Nikiambiwa nina kitu, nataka kujua ni kitu gani, kiko wapi na kimefikaje hapo, mpaka daktari aanze kutazama saa. Kwa hiyo swali lenu, lilivyo, halinihusu. Nina jibu la swali ambalo hamkuuliza: neno hilo lilipotamkwa, nani mwingine alikuwepo?

Wifi yangu anauza supu na chapati jirani na stendi ya Msamvu, Morogoro. Anayeijua Msamvu anajua kwamba wapiga debe na vijana wa bodaboda kila mmoja ana mama yake wa kumpikia, na akikuhama mmoja, kijiwe kizima kinafuata. Mwishoni mwa mwaka 2023 bwana afya alipita kudai vyeti, wanawake wa mstari ule wakafunga safari pamoja kwenda kupima kwenye zahanati moja. Siitaji jina, maana bado tunatibiwa pale. Choo, mkojo, damu. Wakapewa namba, wakaketi kwenye benchi wakipiga soga kusubiri majibu.

Majibu ya wenzake yalitoka kimya kimya. Ya kwake yalitoka kwa sauti. Mhudumu alisimama mlangoni na karatasi mkononi akaita, "Yule mama wa maambukizi yuko wapi? Aje dirishani achukue dawa." Sidhani alikuwa na nia mbaya. Foleni ilikuwa ndefu na nadhani namba ilikuwa imemtoka kichwani. Lakini benchi lile lilibeba nusu ya majiko ya Msamvu, na aliyekaa ubavuni kwa wifi ndiye anayepika jiko la pili kutoka lake.

Sasa niambieni, ni nani kati yetu tuliokua na redio za miaka ya tisini anayesikia "maambukizi" akafikiria kibofu cha mkojo? Tangazo likisema "maambukizi mapya" halihitaji kumaliza sentensi. Mwenye mafua ana mafua. Mwenye kidonda chenye usaha ana kidonda. Maambukizi ni yale ya UKIMWI.

Wifi alirudi jikoni siku hiyo hiyo na vidonge vyake vya sipro, antibaiotiki, ndani ya bahasha ya khaki. Jioni kijana mmoja wa boda, mteja wake wa kila siku, alipita bila kusimama: "Mama, leo nimeshiba." Asubuhi iliyofuata walishiba wengi. Mmoja alikuja na kikombe chake kutoka nyumbani, akaomba amiminiwe supu humo, tena kwa adabu kabisa, na wifi anasema huyo ndiye aliyemuumiza kuliko wote. Sufuria iliyozoea kuisha saa nne asubuhi ikawa inafika adhuhuri ikiwa nusu.

Kaka yangu alizipata habari gereji kabla hajaambiwa na mkewe. Mke alikuwa hajaona cha kumwambia, maana kwa akili yake alikuwa na UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, na hapa Morogoro nani hana UTI? Kaka aliingia ndani hakuuliza unaumwa nini. Aliuliza, "Umeyatoa wapi?" Wifi akamwonyesha karatasi. Hakuisoma, imeandikwa Kiingereza na kwa mwandiko wa watu wa hospitali. Akarudia, "Umeyatoa wapi?" Usiku ule ulikuwa wa sentensi hiyo moja. Wifi anasema angepigwa kofi angejua ajibu nini. Sentensi ile haikuwa na jibu, kwa sababu hakuwa ameyatoa popote. Asubuhi mama yetu, ambaye anaishi nao, akatenga kikombe na sahani. Hakusema kitu. Aliviweka tu upande wake kabatini, vikaonekana. Wifi akachukua wanawe wawili akaja kwangu Kihonda.

Hapo ndipo mimi niliiona ile karatasi. Nikaipiga picha nikamtumia mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, ambaye ni mtaalamu wa maabara mkoa mwingine. Akapiga simu anacheka, halafu nilipomweleza yaliyotokea akaacha kucheka. Karatasi ilisema seli za usaha mbili hadi nne, bakteria wachache, na seli za ngozi nyingi. "Dada," akaniambia, "hizo seli za ngozi ndizo zinazoongea." Zikiwa nyingi hivyo ni dalili kwamba mkojo ulikingwa vibaya. Mgonjwa anatakiwa ajisafishe, aache mkojo wa mwanzo upite, ndipo akinge wa katikati. Wifi alipewa kikopo akaonyeshwa mlango wa choo, basi. Bakteria walioonekana kuna uwezekano mkubwa walizolewa nje, wala hawakutoka kwenye kibofu. Hao kila mwanamke anao, na mke wa daktari anao.

Nikamuuliza, basi ana maambukizi au hana? Akasema inategemea unamzungumzia mdudu yupi: mpita njia, mpangaji au mvamizi. Mpita njia ni yule aliyeangukia kwenye kikopo. Mpangaji anaishi kwako miaka bila kelele. Karibu watu watatu katika kila kumi wana bakteria waitwao stafilokokasi aureus puani na wako salama salimini. Mvamizi ni yule aliyeingia pasipo pake, akazaliana, mwili ukaamka kupambana naye. Kwa watu wa fani, huyo wa tatu ndiye mwenye haki ya kuitwa maambukizi. Sisi huku nje tunawahesabu wote watatu, tena tunaongeza la nne ambalo halimo kabisa kwenye karatasi, yaani ni nani aliyekupa.

Na hilo la nne ndilo lililomfukuza wifi nyumbani kwake. UTI ya kweli, ukiipata, kwa kawaida husababishwa na bakteria wa tumboni mwako mwenyewe, E. coli wakiongoza, waliosafiri mwendo mfupi. Njia ya mkojo ya mwanamke ina urefu wa kama sentimita nne tu, ndiyo maana sisi tunaumwa zaidi ya wanaume. Ndiyo, tendo la ndoa linaweza kuwasukuma wafike kibofuni, hata kwa mume wako wa halali wa miaka ishirini. Kusukumwa si kuletewa. Choo cha kuchangia tunachokilaumu kila siku kinasingiziwa mno. Na haipiti kwenye supu.

Nimeuliza-uliza zaidi tangu siku hiyo, na kila ninachokijua kinazidi kuniharibia maana niliyokuwa nayo. Pepopunda ni maambukizi, lakini hakuna aliyewahi kuipata kwa kukaa na mgonjwa wake. Inakadiriwa robo ya watu duniani wamewahi kuambukizwa vimelea vya kifua kikuu, lakini katika kila mia moja ni watano hadi kumi tu watakaougua maishani mwao. Na mtu anayeishi na VVU akimeza dawa vizuri mpaka virusi visionekane kwenye kipimo, hamwambukizi mwenzake kwa kujamiiana. Ana maambukizi ambayo hayaambukizi! Mwelezeni hilo jirani wa benchi.

Nisiwasahau waandikaji wa dawa, kwa sababu nao walichangia. Zamani kila homa ilikuwa malaria, tukirudi nyumbani tunajisifu "nina malaria mbili" kama alama za mtihani. Vilipokuja vipimo vya haraka vya malaria, vikaanza kusema hakuna, na palipobaki wazi tukapaweka UTI na taifodi. Watafiti waliwapima watoto 1,005 wenye homa Dar es Salaam na Ifakara mwaka 2008: malaria ilikuwa kwa kama mmoja katika kila kumi, UTI kwa wasiozidi sita katika kila mia, taifodi kwa kama wanne. Wengi walikuwa na virusi ambavyo antibaiotiki haivigusi. Hiyo taifodi nayo mitaani bado inatafutwa kwa kipimo cha Widal, cha mwaka 1896, kinachoonyesha askari wa mwili waliowahi kuitwa, si mdudu aliyepo leo. Wifi alimaliza dozi yake ya sipro kwa utiifu, tumbo likamwendesha, kisha akapata fangasi. Fangasi nayo akaambiwa ni maambukizi.

Nilipoanza kuandika nilikusudia kudai wahudumu wapigwe marufuku kulitumia neno hili bila mkia. Waseme ya nini, yako wapi, na yanapita kwa mwingine au hayapiti. Wasipoweza, wanyamaze. Nilikuwa nimeshaitunga na sentensi ya kufungia.

Lakini nimemkumbuka baba yetu mdogo, aliyekuwa akifanya kazi Bukoba. Kagera ndiko wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walikotambuliwa, mwaka 1983, na ugonjwa uliitwa Juliana, jina la nguo zilizokuwa kwenye chati enzi hizo, kabla haujapata jina la kitabibu midomoni mwa watu. Aliletwa nyumbani miaka ya tisini, amekonda. Daktari alimwambia bibi ni "maambukizi ya kifua". Uongo haukuwa, kifua kilikuwa kinaumwa. Kwa kauli hiyo baba mdogo aliogeshwa, alilishwa, aliketiwa na watoto mkekani, akazikwa na watu wengi. Nyumba ya tatu kutoka kwetu kulikuwa na kijana ambaye jina kamili lilivuja, na yeye chakula alisukumiwa kwa mti. Kwa hiyo sijui kama nina haki ya kudai neno legevu lifutwe. Lilimfunika mtu wetu alipohitaji kufunikwa. Enzi zile halikuwa bado limegeuka kuwa kidole, na huenda tukifanikiwa kulisafisha leo, kesho litachafuka lile tutakalolipachika mahali pake.

Tena siwezi kusema aliyebeba mdudu bila kuumwa aachwe tu. New York kulikuwa na mpishi, Mary Mallon, aliyebeba bakteria wa taifodi bila kuugua na akawaambukiza aliowapikia. Alitengwa mwaka 1907, akaachiwa 1910, akarudia upishi, akatengwa tena 1915 mpaka kifo chake mwaka 1938. Kwa ajili ya watu wa namna yake wauza chakula wanapimwa, na bwana afya alikuwa na haki kudai vyeti. Ila hicho hutafutwa kwenye choo, na choo cha wifi kilikuwa safi. Hilo hakuna aliyelitangaza mlangoni.

Kaka alikuja Kihonda baada ya kuzungumza na yule mdogo wetu wa maabara kwa simu, mimi nikiwa nimeweka spika. Alisikiliza. Alimchukua mkewe. Kuomba radhi sijamsikia, labda aliomba njiani. Wateja walichelewa zaidi. Halafu Januari 2024 ukaja ule ugonjwa wa macho mekundu, mnaukumbuka, nchi nzima ikatembea na miwani myeusi. Wapiga debe wa Msamvu walikuwa wakifikicha macho kwa vidole halafu wanashika vikombe vya wifi, na huo ndio unaopita kwa mikono, kwa vikombe na kwa taulo. Hakuna aliyeulizwa ameyatoa wapi. Walicheka, wakapeana majina, wakanywa supu.

Kwa hiyo jibu langu, mkilikubali: neno libaki. Daktari amweleze mgonjwa kila kitu, chumbani, mlango umefungwa, na karatasi iandikwe Kiswahili ili hata mume wa gereji aisome. Mlangoni iitwe namba. Imesahaulika? Muulizeni mgonjwa, anayo mkononi. Najua kuna magonjwa yasiyoruhusu siri ya namna hii. Ugonjwa wa Marburg ulipoingia Kagera mwaka 2023, waliokaa na mgonjwa ilibidi watafutwe mmoja mmoja. Na najua mume au mke wakati mwingine ni lazima ajue. Hapo mimi sina utaalamu, waseme wenye nao.

Na kina mama wajawazito wasiichukue barua hii wakaenda kukataa dawa kliniki. Kwa mjamzito, bakteria wakioteshwa maabara kwenye mkojo uliokingwa vizuri wakaonekana ni wengi, hutibiwa hata kama haumwi popote, kwa sababu wanaweza kupanda hadi kwenye figo. Wewe dai tu uelezwe namna ya kukinga.