Kabla hujapakua programu nyingine, maliza kwanza zilizomo kwenye laptopu yako

Fungua laptopu ya mwanafunzi aliyefika mwaka wa pili, utakuta programu tatu za kusomea PDF, mbili za kupiga picha ya skrini, moja ya "kuongeza kasi" na antivirusi iliyokwisha muda wake inayodai malipo kila asubuhi. Karibu zote zinafanya kazi ambayo Windows inaifanya yenyewe, na kila moja inakula bando, chaji na RAM. Makala hii ni ya wenye Windows 11, ingawa mengi yamo pia kwenye Windows 10. Majina ya menyu yameachwa kama yanavyoonekana kwenye skrini ili usipotee njia.

Bando linaenda wapi

Tuanze na hili kwa sababu ndilo linalogusa mfuko. Ukiunganisha laptopu kwenye hotspoti ya simu, Windows haina habari kwamba umenunua GB 1 ya siku. Yenyewe inaona wifi kama wifi nyingine. Itaanza kushusha masasisho, duka la Microsoft litahuisha programu usizozigusa, OneDrive (hifadhi ya mtandaoni ya Microsoft) itapandisha picha zako zote, na wewe utabaki kuulaumu mtandao wa simu.

Unganisha hotspoti, kisha nenda Settings, Network & internet, Wi-Fi, bofya properties za mtandao huo na uwashe Metered connection. Hapo Windows inaelewa kwamba data inalipiwa: masasisho mengi yanasubiri na OneDrive inasitisha kazi. Kumbuka kwamba mpangilio huu unashikamana na jina la mtandao. Ukibadilisha jina la hotspoti, au ukaunganisha kwenye simu ya mwenzako, ni mtandao mpya na lazima uwashe tena. Wengi wanakwama hapa na kudhani kitufe hakifanyi kazi.

Kujua nani anakula, fungua Advanced network settings kisha Data usage. Utaona kila programu na kiasi ilichotumia kwa siku 30 zilizopita. Unaweza pia kuweka kikomo, ila kikomo hicho kinakuonya tu, hakikati intaneti. Ukikuta programu usiyoijua iko juu ya orodha, ifute au iondoe kwenye zile zinazojiwasha: bonyeza Ctrl+Shift+Esc, fungua Startup apps, na uzime kila ambacho hukihitaji asubuhi laptopu inapowaka.

Masasisho yenyewe usiyakimbie moja kwa moja. Angalau mara moja kwa mwezi kaa sehemu yenye wifi ya chuo, chomeka chaja, fungua Windows Update na ubofye Check for updates. Fanya hivyo siku isiyo na kipindi, kwa sababu laptopu yenye diski ya zamani inayozunguka inaweza kukaa muda mrefu ikiandika asilimia 30, na kuizima kwa nguvu katikati ya zoezi ndiko kunakoleta zile laptopu zinazogoma kuwaka. Kama wiki ya mitihani inakaribia, bofya Pause updates. Windows 11 inakuruhusu kusitisha hadi wiki tano.

Wenye Windows 10 wana jambo la ziada. Microsoft iliacha kuihudumia kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na mpango wa masasisho ya ziada ya usalama kwa watu binafsi ukawekewa mwisho wa 13 Oktoba 2026. Laptopu nyingi za mtumba zenye prosesa za Intel za kizazi cha sita na cha saba hazikidhi masharti rasmi ya Windows 11. Muuzaji akikwambia "utaapgredi baadaye", mwombe akuonyeshe kwanza.

Flashi iliyotoka steshenari

Kila chuo kina steshenari ambayo kompyuta yake moja imechomekwa flashi za mamia ya watu. Unarudi hosteli, unafungua flashi, na folda zote zimegeuka njia za mkato: alama ni ileile ya folda ila ina kamshale pembeni. Watu wanapiga kelele kwamba kazi imefutika. Mara nyingi haijafutika. Kirusi kimezificha folda halisi kwa kuzipa sifa za mafaili ya mfumo, kisha kimetengeneza vishale vya bandia ambavyo ukivibofya vinakiendesha kirusi kwenye laptopu yako, halafu vinakufungulia folda ili usishtuke.

Kwa hiyo usibofye chochote ndani ya flashi. Kwanza safisha: fungua Windows Security, Virus & threat protection, Scan options, chagua Custom scan na uelekeze kwenye flashi. Ikimaliza, angalia herufi ya flashi kwenye This PC, tuseme ni E. Andika cmd kwenye sehemu ya kutafutia, bonyeza Enter lifunguke dirisha la kuandikia amri, kisha andika amri hii jinsi ilivyo, nafasi kwa nafasi:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Amri inaondoa sifa za kufichwa, za kusomeka tu na za mfumo kwenye kila faili na kila folda. Ikikwambia Access denied kwa folda iitwayo System Volume Information, ipuuze, hiyo ni ya Windows yenyewe. Rudi kwenye flashi. Wakati mwingine utaona folda isiyo na jina kabisa, na kazi zako zote zimo humo. Nakili nyaraka zako tu, yaani za Word, PDF na picha. Chochote kinachoishia na .exe, .vbs au .lnk kiache kife, halafu ifomati flashi. Ukikosea herufi ya diski kwenye kufomati utafuta kitu kingine, kwa hiyo angalia mara mbili.

Defender, antivirusi iliyomo ndani ya Windows, inatosha kabisa kwa mwanafunzi, kwa sharti kwamba hujaizima. Na kinachoizima kwa kawaida ni wewe mwenyewe. Zile programu za "kuaktiveti" Windows au Office bila kulipia zinazozunguka kwenye makundi ya darasa huja na maelekezo ya kuzima ulinzi kwanza. Hapo umemfungulia mwizi mlango na kumshikia taa.

Bora zaidi ni kutopeleka faili la Word steshenari. Kazi iliyopangwa vizuri kwako inavurugika kwao kwa sababu toleo lao la Word ni jingine au fonti uliyotumia hawana, na jedwali linarukia ukurasa unaofuata. Peleka PDF. Kwenye Word tumia Save As na uchague PDF, maana viungo vya yaliyomo vinabaki. Kwenye programu nyingine yoyote bonyeza Ctrl+P na uchague printa iitwayo Microsoft Print to PDF, ipo tayari.

Ila kabla ya hapo kagua ukubwa wa karatasi. Laptopu nyingi zinakuja zimepangwa kwa Marekani, na karatasi ya huko ni Letter, milimita 216 kwa 279. Ya kwetu ni A4, 210 kwa 297. Ukipanga ripoti ya kurasa 60 kwenye Letter na ikachapwa kwenye A4, pambizo hubadilika, au mashine hulazimika kubana maandishi. Ukigundua siku ya mwisho na kubadilisha ndani ya Word, namba za kurasa zinahama na orodha ya yaliyomo inakuwa ya uongo. Kwenye Word ni Layout, Size, A4, na ifanye siku ya kwanza kabla hujaandika hata kichwa cha habari.

Kazi isipotee

Windows ina File History, imejificha Control Panel chini ya System and Security. Chomeka flashi ya pili au diski ya nje, bofya Turn on, na kila saa itakuwa inahifadhi nakala za mafaili yaliyobadilika kwenye Documents, Desktop na kwingineko. Uzuri wake ni kwamba inaweka matoleo ya nyuma. Ukifuta sura ya tatu kimakosa na ukasevu, unaweza kuirudisha ya jana. Flashi ya GB 32 inatosha nyaraka za shahada nzima kama hujazi video. Flashi hii isiende steshenari hata siku moja.

OneDrive nayo inatoa GB 5 bure, na kwa nyaraka si haba. Tatizo lake linajitokeza siku ya prezentesheni. Ukiona kialama cha wingu kando ya faili, maana yake faili lenyewe halimo kwenye laptopu, lipo mtandaoni, na ukumbi usipokuwa na intaneti halitafunguka. Usiku wa kuamkia siku hiyo bofya faili kwa kitufe cha kulia na uchague Always keep on this device. Subiri hadi alama igeuke duara la kijani lililojaa, lenye tiki nyeupe ndani. Kisha zima wifi na ulifungue kuhakikisha.

Vitufe vya kuzoea wiki hii

Windows+V ndiyo ya kwanza. Kopi ya kawaida inashika kitu kimoja. Hii inashika hadi 25, na unachagua cha kubandika. Mara ya kwanza itakuomba uiwashe. Ukikusanya nukuu kutoka makala tano kwa ajili ya asaimenti, huna haja ya kurukaruka kati ya madirisha. Ukizima laptopu orodha inafutika, isipokuwa ulivyovibana kwa alama ya pini. Nywila unazozikopi zinaonekana humo pia, kwa hiyo kwenye laptopu ya kuazima ifute kabla ya kuirudisha.

Windows+Shift+S inakata sehemu ya skrini. Kwenye Windows 11 iliyohuishwa, ukifungua picha hiyo kwenye Snipping Tool kuna kitufe cha Text actions kinachotoa maandishi ndani ya picha. Slaidi ambayo mhadhiri ameituma kama picha inakuwa maandishi unayoweza kuyahariri. Jedwali lenye namba nyingi lihakiki, maana sifuri na herufi O huchanganywa.

Windows+Ctrl+L inawasha maandishi ya moja kwa moja ya kinachosemwa kwenye video. Kwa anayesoma mihadhara ya Kiingereza yenye lafudhi ngumu hii ni msaada mkubwa. Inashusha faili la lugha mara moja tu, baada ya hapo haihitaji intaneti. Ukiwasha sauti ya maikrofoni kwenye mipangilio yake, inaandika hata anachosema mhadhiri aliye mbele yako, mradi umekaa karibu. Haihifadhi chochote, kwa hiyo usiitegemee kama notisi.

PDF ndefu ifungue kwenye Edge na ubonyeze Ctrl+Shift+U, itakusomea. Zimo hata sauti za Kiswahili cha Tanzania na cha Kenya, ingawa hizo zinataka intaneti. Kwa kusahihisha tesisi hakuna kinachoishinda: sikio linakamata sentensi iliyokosa kitenzi ambayo jicho limeshaizoea. Kitabu kilichoskaniwa hakitasomwa kama kurasa zake ni picha tupu.

Kikokotoo nacho kinadharauliwa. Kwenye hali ya Standard ukiandika 2 + 3 × 4 kitakupa 20, kwa kuwa kinakokotoa kadiri unavyobonyeza. Alt+2 inakupeleka Scientific, na huko jibu ni 14. Huko huko angalia kama imeandikwa DEG au RAD: sin ya 30 ikikupa 0.5 uko kwenye digrii, ikikupa hasi 0.988 uko kwenye radiani. Alt+3 inachora grafu.

Betri na begi

Fungua cmd, andika powercfg /batteryreport, kisha fungua faili la HTML ambalo itakuonyesha njia yake. Tafuta mistari miwili: Design capacity na Full charge capacity. Betri iliyotoka kiwandani na mWh (kipimo cha nishati ya betri) 41,000 na sasa inajaa 24,600 imebaki na asilimia 60. Unaponunua laptopu ya mtumba, endesha amri hii dukani kabla hela haijatoka mfukoni. Pia pita Settings, Accounts, Access work or school. Ukikuta akaunti ya kampuni usiyoijua, iache laptopu hiyo hapo hapo kaunta.

Na usiingize kwenye begi laptopu uliyoifunika tu. Kufunika kwa kawaida kunailaza, haizimi, na nyingi za kisasa huamka zenyewe kufanya shughuli za chini kwa chini. Ndani ya begi haina hewa, unaikuta ya moto na chaji imebaki asilimia 12. Nenda Control Panel, Power Options, Choose what closing the lid does, weka Hibernate kwa upande wa betri. Kama neno Hibernate halipo kwenye orodha, fungua cmd kwa Run as administrator, andika powercfg /h on, kisha rudi uchague. Itahifadhi kila ulichofungua kwenye diski na kuzima kabisa. Ukifika darasani inachukua sekunde chache zaidi kuwaka, na madirisha yako yote yapo ulipoyaacha.