Insha ya Kossuth: anzia kwenye barua

Ndugu, umeuliza insha yako ya Lajos Kossuth, kiongozi wa mapinduzi ya Hungaria, uianzie wapi: kuzaliwa kwake 1802 au mapinduzi ya 1848. Mimi ningeanzia 1832, mjini Pozsony, Bratislava ya leo. Kossuth, wakili kijana, kaenda kwenye bunge la Hungaria lililokutana huko kumwakilisha kabaila asiyehudhuria, akaanza kuandika yanayosemwa humo. Serikali ilidhibiti vilivyopigwa chapa. Yeye akazituma taarifa kama barua, vijana wakizinakili kwa mkono. Ujanja huo! Mwaka 1837 wakamkamata, na gerezani akajifunza Kiingereza kwa kumsoma Shakespeare. Uhariri wa gazeti la Pesti Hírlap, uwaziri wa fedha, ugavana wa Hungaria wa 1849: hivyo vipitie haraka. Ila usimpambe mno. Wakroati na Waserbia, waliokuwa ndani ya ufalme wa Hungaria, walikuwa na malalamiko yao dhidi yake. Yape aya nzima.