Kipi kikae stoo, kipi kisubiri oda

Wewe unayeanza kazi ya stoo kwenye duka la zana za uvuvi hapa Mwanza, bei isikudanganye. Wengi hudhani cha bei kubwa ndicho cha kuagizwa na cha bei ndogo ndicho cha kujaza rafuni. Jiulize hivi: mteja yuko tayari kusubiri muda gani, na asiporudi, nani mwingine atakinunua? Plagi ya mashine ya boti inatakiwa sasa hivi. Usipokuwa nayo, mvuvi anaingia duka la jirani. Wavu wa dagaa ulioungwa kwa urefu na kina alichotaka tajiri mmoja mwenye boti, mwenyewe atausubiri hata wiki, ila akiukataa utakulalia.

Vya rafuni vina hesabu yake. Tuseme unauza roli 4 za kamba kwa siku, na mzigo wa kutoka Dar huchukua siku 5. Hapo utauza roli 20 kabla haujafika. Ongeza 8 za tahadhari: zikibaki 28, agiza, usingoje rafu iwe tupu.

Ila ziwa lina kalenda yake. Dagaa huvuliwa kwa taa wakati wa giza. Mwezi ukiwa mpevu wavuvi wengi hupumzika, na taa na betri hazitoki. Ukipiga wastani wa siku za giza peke yake utafunga mtaji stooni, na ukipiga wa mbalamwezi utaishiwa. Chukua mzunguko mzima, siku 29 au 30, halafu panga mzigo uingie kabla giza halijaanza.

Vya oda vinataka kianzio na maandishi. Mteja akisema "nataka kama ule wa zamani", mwombe alete kipande chake. Shika jicho moja, yaani tundu la wavu, livute linyooke, pima toka fundo hadi fundo, andika kipimo kwenye fomu, kisha funga kipande hicho kwenye fomu hiyohiyo kwa uzi. Usiandike "jicho dogo". Dogo la nani? Fundi wa kuunga nyavu naye ana lake kichwani.

Kuna njia ya katikati, na kwa duka lenye mtaji mdogo mimi naipenda kuliko zote: usiweke wavu uliokamilika, weka vipande vyake, kamba, maboya na risasi za kuzamishia wavu. Vyote hivyo vinauzika hata kimoja kimoja, na oda ikija fundi anaunga tu.

Kwenye programu ya stoo, bidhaa ya oda iwekee kiwango cha kuagiza (kama ile 28 ya kamba) 0. Usipofanya hivyo, inaweza kuhesabu oda iliyopita kama mauzo ya kawaida na kukuambia uagize nyingine. Na wavu ukishatoka kwa fundi, ubandike jina la mwenyewe siku hiyohiyo na uuweke mbali na mali ya kuuza, maana muuzaji mwenzako akiukuta rafuni atamuuzia wa kwanza kuuliza.