Mkuu, usiandikie humo humo kwenye tovuti

Mkuu, usibonyeze "Chapisha" kwanza. Umesema una makala ya chanjo ya kideri kwa kuku wa kienyeji, umeiandika kwa simu moja kwa moja ndani ya WordPress, ile programu ya kuendeshea blogu, na unauliza picha ziwe na ukubwa gani, uitoe saa ngapi, na kama kuna haja ya kutunza rasimu pengine wakati rafiki yako kakuhakikishia kwamba "inajihifadhi yenyewe". Hayo maneno mawili ndiyo yaliyonifanya niache chakula mezani. Na mimi niliambiwa hivyo hivyo, na fundi aliyenitengenezea blogu.

Kujihifadhi inajihifadhi kweli, kila baada ya sekunde 60. Lakini nakala hiyo ni moja tu kwa kila mwandishi, na mpya ikija inafuta iliyotangulia. Matoleo ya nyuma yanatunzwa pale unapohifadhi mwenyewe, ila anayesimamia tovuti anaweza kuyazima. Fundi wangu aliyazima ili eti tovuti iwe nyepesi. Hakuniambia. Nilijua siku niliyoyahitaji.

Makala yangu ilihusu kupanda mahindi kwa mbolea ya DAP: kisoda kimoja (kifuniko cha chupa ya soda) kila shimo, funika kwa udongo kidogo, ndipo uweke mbegu. Halafu ikaja sentensi hii: "Hakikisha mbolea igusane na mbegu." Nilikusudia isigusane. Herufi mbili tu zilianguka, na DAP ikiigusa mbegu inaiunguza.

Kinachoniuma mpaka leo ni kwamba kosa nililiona. Usiku nikiwa kwenye kompyuta nililisahihisha, nikahifadhi, nikalala. Asubuhi ndani ya daladala nikakumbuka kwamba picha ya kisoda sijaiweka. Kwenye simu ukurasa ulikuwa wazi tangu jana yake mchana, na sentensi mbovu imo. Nikaongeza picha, nikachapisha. Maandishi ya simu yakafunika ya kompyuta. Sikupata onyo lolote, maana lile onyo la kwamba kuna mtu anahariri linatokea akiwa mtu mwingine, na kote kuwili nilikuwa nimeingia kwa akaunti yangu ile ile. Kikagua tahajia nacho kisingenisaidia, kwa sababu "igusane" ni Kiswahili safi kabisa.

Siku ya kumi na mbili akanipigia baba mmoja. Alikuwa amepanda ekari nzima akifuata maandishi yangu neno kwa neno. "Mwanangu, mahindi hayajatoka." Hakunitukana. Akanisomea sentensi yangu taratibu, akaniuliza amekosea wapi. Yeye ananiuliza mimi amekosea wapi! Nilimnunulia mbegu kilo 10 na mfuko wa DAP wa kilo 50, pesa niliyokuwa nimeiweka kwa ajili ya ada ya mtoto. Siku kumi na mbili za mvua sikuwa na namna ya kumrudishia.

Makala niliirekebisha saa ile ile, lakini watu walishainakili kwenye makundi ya WhatsApp, na huko siwezi kuifikia. Msimu uliofuata nilitumiwa tena, bado ina "igusane", na jina langu chini.

Nilipomuuliza fundi kuhusu matoleo ya nyuma akanijibu kwamba wateja wake wengine hawajawahi kulalamika. Mtu amechukua hela yako, amezima kitu ambacho kingekuonyesha kosa limerudi lini na vipi, halafu anakujibu hivyo. WordPress siilaumu, imefanya ilichoambiwa. Namlaumu anayemwambia mgeni "wewe andika tu humo" bila kumweleza kilichowashwa na kilichozimwa. Nikimkuta njiani nitamsalimia, ila nywila yangu haishiki tena.

Tangu hapo makala inakaa mahali pamoja, nje ya tovuti. Mimi natumia faili moja kwenye kompyuta, jina lina tarehe, na kila jioni najitumia kwa barua pepe. Ukipenda daftari, tumia daftari. Masahihisho yote yanafanyika huko, hata koma. Kwenye tovuti naingia mara moja tu, kubandika. Nikiona kosa baada ya kubandika, narudi kwenye faili, narekebisha, nabandika upya yote. Inachosha, najua. Fanya hivyo hivyo.

Na kabla ya kubandika, mpe mtu mwingine akusomee kwa sauti, wewe usikilize tu. Mimi ananisomea mdogo wangu. Ukisoma mwenyewe, macho yanasoma ulichokusudia. Kila kitenzi cha kuagiza mwambie akirudie: iwekwe au isiwekwe, wapewe au wasipewe. Lugha yetu inabeba katazo zima ndani ya hiyo "si" ndogo katikati ya neno, na kidole kinairuka bila wewe kuhisi.

Sasa hiyo ya kuku. Fungua simu, nakili maandishi yote uyatoe humo, kisha funga kurasa zote ulizoziacha wazi. Najua ndani yake mna sentensi ile ya tone moja jichoni kila baada ya miezi 3, na lazima mna nyingine inayosema kuku wagonjwa wasichanjwe. Nenda kaisome hiyo kwanza, uniambie imeandikwaje.