Hela ya ziada ina kelele jamani

Hela ya kodi haina shida kabisa, imetulia zake kwasababu inajua inakoenda. Shida ni ile inayobaki baada ya kulipa kila kitu, hiyo ndo inaanza kukuita jina lako usiku wa manane, ukifungua simu unaona kiatu, ukifunga macho unaona kiatu.

Mimi mwaka juzi nilipata kazi ya pembeni ya kuchapa na kupanga ripoti ya mtu, wikiendi tatu mfululizo mgongo unauma macho mekundu, nikalipwa keshi mkononi. Unajua sikufika nayo nyumbani? Nilipita dukani "kuangalia tu" nikatoka na spika ya bluetooth inayowaka taa za rangi rangi. Wiki mbili nilijiona mfalme, wiki ya tatu ikapanda juu ya kabati na hadi leo kuna nguo za kupiga pasi zimekaa juu yake.

Kilichoniuma sio bei, kilichoniuma ni siku nilipopiga hesabu vizuri. Nilichukua mshahara wangu wa mwezi nikatoa nauli na vile vitu ambavyo nisingenunua kama ningekuwa sina kazi, halafu nikagawa kwa masaa yote, sio ya ofisini tu bali hata yale ya kukaa njiani kwenda na kurudi. Saa yangu moja ikatoka ndogo mpaka nikarudia hesabu nikidhani nimekosea. Ile spika ilikuwa masaa 26 ya maisha yangu! Tangu siku hiyo kila nikiona kitu naipiga bei yake kwa masaa, na vitu vingi vinapoteza utamu hapo hapo.

Halafu kuna hili la chenji. Wazee walikuwa wanasema noti ukishaichenji imekwisha, nami nilikuwa nadhani ni maneno tu, kumbe kuna watafiti wawili, Raghubir na Srivastava, mwaka 2009 walionyesha kwamba mtu mwenye noti moja kubwa anasita kuitumia kuliko mwenye kiasi kile kile kwa noti ndogo ndogo. Mimi noti kubwa moja nimeikunja nyuma ya kava ya simu, ina miezi sasa, na nimepita madukani nayo mara nyingi tu kwa sababu naona uchungu kuivunja. Kadi ndo balaa kabisa maana huoni kitu kinatoka. Watafiti wengine, Prelec na Simester, mwaka 2001 waliwaambia wanafunzi wataje bei ambayo wangelipa kununua tiketi za mechi ya kikapu, walioambiwa watalipa kwa kadi wakataja bei karibu mara mbili ya walioambiwa keshi. Tiketi zile zile! Ndo maana hela ya matumizi madogo madogo siku hizi natoa keshi kabisa.

Ila msinielewe vibaya, sisemi ukae na hela umeilalia. Bei zikipanda asilimia 7 kila mwaka, baada ya miaka kama 10 hivi hela uliyoficha inanunua nusu tu ya ilichokuwa inanunua, kwahiyo na yenyewe kuilalia ni kuila polepole (najua, na yangu ya kwenye kava inaliwa, hiyo niachieni). Ninachofanya ni kuipa hela ya ziada mwenyewe siku ile ile inapoingia, hii ya deni, hii ya akiba inayozaa hata kidogo, hii ya kula raha na hiyo ya raha naila kweli bila kujihukumu. Isiyo na mwenyewe ndo inayopotea, siku mbili tu hujui imeenda wapi.

Na kuna ya kutumia ambayo sijutii hata kidogo. Nilimlipia mama nauli akaja kukaa kwangu wiki mbili, nikahesabu masaa yakazidi hata ya spika, na ningelipa tena kesho.

Juzi mdogo wangu kaja kaiona spika juu ya kabati, kafuta vumbi, kaiwasha, bado inawaka taa zake vizuri tu. Akaniuliza bro hii ulinunua bei gani, nikamjibu masaa 26. Akaniangalia kama nimechanganyikiwa, akaondoka nayo.